SOMO: Kuotesha nyasi kwenye udongo wenye risasi (ile metali yenye sumu, "lead") kwa kutumia kuvu wa mizizini

Wakuu, PM imejaa swali lile lile, "nimwage vijidudu gani ili risasi iishe shambani?" Hakuna. Risasi haiozi na hakuna bakteria anayeimaliza, vijidudu vinaweza kuinasa, kuibadili umbo au kuusaidia mmea uivumilie, basi. Tunachotafuta ni nyasi zifunike ardhi ili vumbi lisiingie kwenye vifua vya watoto. Kuvu wenyewe wanaitwa mikoriza, wanaishi ndani ya mizizi, wanauletea mmea fosforasi na maji na wenyewe wanalipwa sukari.

1. Pima udongo. Waambie maabara kabisa kwamba unataka risasi na kadimi (metali nyingine yenye sumu), kipimo cha kawaida cha rutuba hakitakuonyesha hivyo.

2. Glavu, barakoa, buti.

3. Chimba udongo pamoja na mizizi chini ya nyasi zilizostawi HAPO HAPO palipoharibika, sentimita 15 za juu. Kuvu wa hapo wameshazoea sumu.

4. Changanya na mchanga wa mto uliooshwa, panda mtama, subiri miezi mitatu hivi. Acha kumwagilia, ukikauka katakata mizizi uchanganye na mchanga wake. Hiyo ndo mbegu ya kuvu.

5. Mbegu igawe nusu kwa nusu, nusu moja uiue kwa mvuke. Hapa ndo niliwahi kuharibu jaribio zima, kwa hiyo soma taratibu. Ile iliyokufa lazima uiweke kwenye vyungu vya kulinganishia, kipimo sawa na ile hai. Ukiacha vyungu vile bila kitu halafu nyasi za upande wa pili zikapendeza, utajuaje ni kuvu na sio mbolea iliyokuwemo kwenye ile mizizi? Fukiza saa nzima, rudia kesho yake, maana mbegu za bakteria zingine zinavumilia raundi ya kwanza. Fukizia nje, na sufuria hilo LISIRUDI JIKONI, udongo ule una risasi.

6. Panda nyasi za vetiva kwenye udongo ule ulioharibika, angalau vyungu vitano kila upande (mbegu hai na mbegu iliyokufa), uwe unavihamisha nafasi.

7. Mbolea ya fosforasi kama DAP usiguse. Fosforasi ikijaa mmea hauoni sababu ya kulisha kuvu.

8. Baada ya wiki kumi kata, kausha, pima uzito, ulinganishe pande mbili.

MASWALI

bonde_la_mto: Mkuu mi nataka kupanda mchicha, hii itafaa?
– Kichwa cha habari kinasema nyasi. Mchicha, sukuma na kabichi hazishirikiani na mikoriza, na mchicha unavuta kadimi hadi kwenye majani. Usipande chakula hapo.

Dada Zai: Samahani kaka, ukifukiza si unaua na bakteria? Sasa tofauti ikitokea utajuaje imeletwa na kuvu peke yao?
– Dada umeuliza swali la maana. Chukua mbegu hai kidogo, ikoroge kwenye maji, chuja kwa karatasi nzito ya kuchujia, maji yale nyunyizia vyungu vyote. Bakteria wanapita, mbegu za kuvu ni kubwa zinabaki juu. Hapo umewasawazisha.

kichwa_ngumu: Hiyo vetiva naweza kulishia mbuzi?
– Hapana.

kichwa_ngumu: Hata kidogo?
– Mbuzi wako, maziwa yako, watoto wako.

Mchimbaji_Geita: Na sisi wa zebaki?
– Zebaki ni kesi nyingine ndugu yangu. Kuna bakteria wanaigeuza ikawa mvuke ikapaa zake, ila kwenye matope yaliyokosa hewa kuna wengine wanaigeuza ikawa methili ya zebaki, ambayo ni mbaya zaidi na inapanda hadi kwenye samaki. Kwa hiyo usituamishe maji kwenye marudio (mabaki ya mchanga baada ya kuchenjua dhahabu).

Fundi wa Lushi: Huku Lubumbashi, pale Penga Penga palipoungua na moshi wa kiwanda cha shaba, mashimo ya miti yalitiwa chokaa na mboji kwanza.
– Asante, na hili watu wanaliruka. Udongo wenye asidi unaachia metali nyingi, chokaa inazishika na mboji inawapa vijidudu pa kuanzia. Anayefanya hivyo atie vyungu vya pande zote mbili, kipimo kimoja, kabla ya hatua ya 6.

bonde_la_mto: Na bamia?
– 😐