Somo: Kuingia kwenye ruta ya tawini hata mtandao ukiwa umekata

Napigiwa simu ile ile kila mara: "Mkuu, nimegusa faiwali, ruta imenifungia nje, mimi niko Dar yenyewe iko Songea." Naandika leo. Ukiuliza tena nakutumia hapa.

Unahitaji Raspberry Pi (kompyuta ndogo, itakaa tawini kando ya ruta), modemu ya 4G yenye laini, na kebo ya konsoli ya USB. Wewe unaingia kwenye Pi kupitia 4G, Pi inaingia kwenye ruta kupitia konsoli, yaani tundu la kuiamuru ruta moja kwa moja bila kupita mtandao.

1. Weka Linux kwenye Pi. SSH (njia ya kuingia kwenye Pi ukiwa mbali) iwe ya funguo tu, nywila zima.

2. Chomeka kebo kwenye tundu la konsoli la ruta. Kasi ya konsoli: Cisco huwa 9600, MikroTik nyingi 115200. Ukiona herufi za kichawi, kasi umekosea.

3. Laini za kawaida hazina IP ya umma, kwa hiyo Pi ndiyo ikutafute wewe: WireGuard (VPN, handaki la siri) kwenda kwenye seva yako yenye IP ya umma, na PersistentKeepalive = 25 ili handaki lisilale.

4. Hapa ndipo nilipoumia. Kwa ubahili wa bando, nilichomeka Pi kwenye swichi ya ofisi pia, ili masasisho yapite kwenye faiba. Nikajaribu, nikaingia, nikafurahi. Kumbe handaki la WireGuard lilikuwa linatoka kupitia ruta ile ile! Siku niliyokosea faiwali, mlango wa mbele na wa uani vilifungwa pamoja, nikalala kwenye basi. USICHOMEKE Pi kwenye swichi. Ipate modemu na kebo ya konsoli, basi. Na usiseme umejaribu kama hujamwambia mtu wa tawini achomoe faiba ukiwa ndani.

5. Umeme: Pi nayo iwe kwenye UPS.

6. Ukimaliza kazi, toka kwenye konsoli. Ukikata SSH tu, ruta inaweza kubaki wazi na anayefuata anakuta ameshaingia.

MASWALI

— Mkuu, nifungue poti gani kwenye ruta ya tawini?
Hakuna. Soma hatua ya 3.

— AnyDesk si inatosha?
AnyDesk ni programu ya kuendesha kompyuta ya mbali. Kompyuta hiyo ya tawini inapata intaneti wapi? Kwenye ruta iliyokufa. Haya.

— Hivi wakubwa nao wanakwama hivi, au ni sisi tu?
Swali zuri. Facebook ilipopotea tarehe 4 Oktoba 2021, wenyewe walieleza kwamba njia kuu na njia ya pembeni ya dharura (kama hii Pi yetu) zote zilikuwa chini, ikabidi watume mafundi hadi kwenye vituo vya data. Ndiyo maana nasisitiza kuchomoa faiba.

— Nina ruta mbili kwenye Pi moja, majina ya ttyUSB (Linux inavyoziita kebo za konsoli) yanabadilishana ikiwaka upya.
Tumia majina yaliyo ndani ya /dev/serial/by-id, hayahami. Ila kebo mbili za bei poa zinaweza kukosa namba zake. Hapo tumia /dev/serial/by-path, inayofuata tundu la USB, na usihamishe matundu. Fungua konsoli ndani ya tmux pia (programu inayoendelea kukushikia kazi kwenye Pi), 4G ikiyumba hupotezi kazi.

— Kuna namna ya kutojifungia kabisa?
Ipo. MikroTik washa Safe Mode (Ctrl+X, au F4 kwenye matoleo mapya) kabla ya kugusa kitu, ukikatika inajirudisha. Juniper ni commit confirmed 10, usipothibitisha ndani ya dakika 10 inajirudisha. Cisco andika reload in 10 (itajiwasha upya baada ya dakika 10 na kurudi ilivyohifadhiwa), usihifadhi mpaka uhakikishe, kisha reload cancel.

— Mkuu nimeshajifungia nje sasa hivi na Pi sina. Nianze hatua ya ngapi?
Kata tiketi ya basi.