Gita kwa bando: namna ya kuanza rumba, rege na kuigusa taarab ukiwa nyumbani Unguja

Jamani masomo ya gita mtandaoni hayajapungua, ukiingia YouTube ukaandika gita tu unapata ya kukutosha mpaka uzeeni, tabu ni kuwa leo unafata bluzi, kesho rege, keshokutwa katokea Mbrazili anapiga bosanova na yeye unamfata, mwezi ukiisha una vipande vya kila kitu na hakuna hata nyimbo moja unayoweza kuipiga mwanzo mwisho mbele ya wenzio barazani. Mie nakwambia chagua staili moja, kaa nayo miezi mitatu minne, alafu ndo uhamie nyengine.

Na jambo kubwa ambalo masomo mengi hayalisemi: staili iko kwenye mkono wa kulia (watu wa mashoto mtageuza). Chukua kodi ya Am (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), Am ya rege na Am ya rumba na Am ya bluzi ni hiyo hiyo moja, vidole vya kushoto vinakaa pale pale, wa kulia ndo unaosema hapa ni Kingston na hapa ni Kinshasa. Sasa walimu wengi kamera wameilenga mkono wa kushoto tu, unaona vidole vinaruka ruka huku mkono unaopiga uko nje ya picha. Mwalimu wa hivyo mruke hata awe na wafuasi milioni, tafuta anaeonesha mikono yote miwili.

Gita lenyewe sitakaa sana. Kama vidole bado laini chukua la nyuzi za nailoni, haziumizi na hazishiki kutu, ila zile tatu nene zimezungushiwa waya kwa hiyo nazo huchakaa. Ukitaka rumba au rege nyuzi za chuma ndo zenye ule mlio, lakini sisi tunakaa na upepo wa bahari, kila ukimaliza kupiga pitisha kitambaa kikavu juu na chini ya kila uzi, jasho la vidole na chumvi ya hewa wallahi vinakula chuma. Na usiliache kwenye gari saa saba mchana, gundi inaachia.

Kutyuni, yaani kuziweka sawa sauti za nyuzi, pakua app, GuitarTuna ya bure inatosha, kuanzia uzi mnene ni E A D G B E. Kama hujui kabisa kushika kodi anza na JustinGuitar, ni saiti ya Justin Sandercoe, Muaustralia, masomo yake ya mwanzo ni bure na yamepangwa kwa daraja, unaanza la kwanza huruki. Anafundisha kwa Kiingereza lakini ukiangalia mikono utaelewa. Kodi za A, D, E, Am, Em, G na C ukizibadilisha bila kusita unaweza kwenda kwenye staili, F itakusumbua iache ije yenyewe.

Kuhusu bando, usiangalie somo moja kwa moja mara ishirini, lipakue ndani ya app ya YouTube pahala penye wifi alafu ulirudie nyumbani bila kula MB. Ubora weka 360, ukishuka 144 huoni freti, vile vyuma vinavyoigawa shingo ya gita. Alafu kuna kitu watu wanakisahau, pale kwenye mipangilio ya video kuna spidi, weka 0.75 au hata 0.5, muziki unaenda polepole lakini sauti haishuki, kwa hiyo unapiga nayo pamoja na gita lako likiwa kwenye tyuni ile ile.

Haya, rumba, maana najua wengi ndo mnayoitaka, ile sebene ya Kikongo, sehemu ya gita ya kuchezesha watu. Bendi zile zina gita la solo linaloongoza, la mi-solo linalokaa katikati na la ridhim linaloshika mdundo, na vijana wote wanakimbilia solo. Anza ridhim. Shika nyuzi tatu nyembamba tu, zile G, B na E, usiguse nyengine. Kodi ya C: uzi wa G freti ya 5, uzi wa B freti ya 5, uzi wa E freti ya 3. Kwenda F kidole cha uzi wa G kinabaki pale pale kwenye 5, cha B kinasogea 6, cha E kinakwenda 5. Kwenda G: uzi wa G freti ya 4, B freti ya 3, E freti ya 3. Umeona mkono hausafiri, ndo maana wale jamaa wanapiga usiku kucha hawachoki. Zungusha C, F, G, F polepole bila kukatika mpaka uweze kuongea na mtu huku unapiga. Ukifika hapo ndo uanze kuzivunja kodi, uzi mmoja mmoja badala ya kuzipiga kwa pamoja, hapo utaanza kusikia kitu unachokijua. Solo yenyewe sehemu kubwa ni nyuzi mbili zinazotembea pamoja, ukishaijua hii wasikilize Franco na Dr Nico, wapiga gita wakubwa wa Kongo, utawasikia kwa sikio jengine.

Walimu wazuri wa sebene wengi wanafundisha kwa Kifaransa na Kilingala, usiogope, wao wakisema Do ni C, Re ni D, Mi ni E, Fa ni F, Sol ni G, La ni A, Si ni B, ukilijua hilo tu unawafata. Na ukitaka kupigia juu ya rekodi za zamani, za Kongo au za dansi letu, gita litakuwa limekataa hata kama app inasema liko sawa, si wewe, rekodi nyingi za tepu ziko juu kidogo au chini kidogo, lityuni gita lifate rekodi.

Rege ni fupi kueleza na ngumu kuinyoosha. Hesabu moja mbili tatu nne, piga kwenye mbili na nne tu, na ukishapiga legeza vidole vya kushoto hapo hapo bila kuvitoa kwenye nyuzi, sauti ikatike chak. Usipoilegeza inakuwa kama nyimbo ya kuota moto kambini. Bluzi nayo ni vipimo 12, kila kipimo hesabu ya moja mpaka nne: A7 vinne, D7 viwili, A7 viwili, E7 kimoja, D7 kimoja, A7 kimoja, E7 kimoja, unarudi mwanzo.

Taarab sasa. Masomo ya gita ya taarab mtandaoni ni kidogo sana, na sababu ipo, udi (ile ala ya nyuzi) na fidla hazina freti, gita linazo, na maqam, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, kama rasti na bayati zina sauti inayokaa katikati ya freti mbili. Kuipata shika freti ya chini yake usukume uzi pembeni kidogo tu, sauti ipande nusu ya freti moja. Lakini maqam ya hijazi unaipata bila tabu, kwenye uzi wa E mwembamba piga wazi, 1, 4, 5, 7, 8, 10, 12. Ule mruko wa kutoka 1 kwenda 4 ndo wenyewe, utausikia tu. Kwa hiyo tafuta masomo ya udi uyahamishie kwenye gita, na flamenko ya Hispania pia itakusaidia, Am, G, F, E yao inaishia pale pale.

Mwalimu wa moja kwa moja kwa Zoom ni mzuri kwa kukusahihisha, ila msijaribu kupiga pamoja, sauti inachelewa njiani kila mtu anamsikia mwenzie nyuma. Apige yeye, unyamaze, alafu upige wewe. Kabla ya kipindi jirikodi, egesha simu kwenye kikombe ilenge mkono wa kulia, mtumie aione mapema.

Mie wakati wangu ni baada ya laasiri, adhana ya magharibi ikitoka gita chini, na huo muda unatosha kabisa. Na ukikwama kwenye maqam usizidi kuhangaika na simu, Mji Mkongwe kuna DCMA, chuo cha muziki kilichoanza 2002, watu wa udi na kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani) wako pale, nenda na gita lako na ile sehemu moja inayokushinda, usiende kusema nataka kujifunza taarab.