Kujiandaa kwa Dharura ya Mtoto Mchanga Kabla Usiku Haujaingia

Mimi ni mkunga katika kituo cha afya cha daraja la tatu wilayani Kasese, nchini Uganda, na haya ndiyo ninayowaelekeza akina mama kabla hawajaruhusiwa kurudi nyumbani na watoto wao.

Hatua ya kwanza: panga safari. Andika kwenye karatasi namba za simu za waendesha boda boda wawili waliokubali kuamshwa usiku, uibandike nyuma ya mlango, kisha uwapigie saa tano usiku siku ambayo mtoto ni mzima, ili ujue nani hupokea. Ulizia pia funguo za geti hulala kwa nani. Mwanangu alipopandwa na homa nilikuwa na pesa, usafiri na ujuzi wangu wote wa ukunga, lakini funguo zilikuwa kwa jirani aliyekwenda kulala matangani.

Hatua ya pili: andaa begi. Weka kitenge, kofia, nepi, tochi, nauli, pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kumrudishia maji mwilini anayehara) na chupa ya lita moja, kwa kuwa pakiti ya kawaida huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi. Kadi ya chanjo isikosekane, maana ndiyo inayomwonyesha mhudumu chanjo alizopata mtoto na jinsi uzito wake ulivyokuwa ukipanda.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka: jifunze kuhesabu pumzi. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya, umfunue nguo na utazame tumbo. Likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu, wala usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu mtoto mchanga huhema haraka, akatulia kidogo, kisha akaendelea. Aliye chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, rudia kuhesabu; zikibaki hivyo, ondoka. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, kikomo ni 50. Fanya zoezi hili akiwa mzima, ili uizoee hali yake ya kawaida.

Hatua ya nne: kubalianeni nyumbani kuhusu dalili zisizongoja asubuhi wala ruhusa ya mtu. Dalili hizo ni mtoto kushindwa kunyonya, kulegea asiamke vizuri, kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi, na degedege. Kwa aliye chini ya miezi 2, ongeza joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au lililoshuka chini ya 35.5. Mwenye degedege alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni. Wapo wanaosema ni mdudu wa angani, lakini huku kwetu malaria ndiyo ninayoifikiria kwanza, nayo hupimwa kituoni.

Hatua ya tano: safirini mkiwa na joto. Usiku upepo wa milima ya Rwenzori ni mkali, kwa hiyo mvalishe mtoto kofia, umweke kifuani ngozi kwa ngozi, umfunge kwa kitenge huku pua na mdomo vikiwa wazi, umnyonyeshe kabla ya kupanda pikipiki ikiwa anaweza kumeza, na umwombe dereva asimame kila unapotaka kumulika uso wa mtoto kwa tochi.