Kabla ya Kwenda Kuchora Ufukweni na Marafiki: Anzeni na Saa za Maji

Marafiki wakikubaliana kwenda kuchora baharini, mazungumzo karibu yote huwa ya rangi: nani ana brashi zipi, turubai ziwe za ukubwa gani, tubebe rangi za mafuta au za maji. Mimi ningeanza kwingine. Jambo la kwanza kulijua ni maji yatajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi katika siku mtakazokuwa huko. Hilo ndilo litakaloamua mtaamka lini, mtaketi wapi, mtakula saa ngapi na mtarudi kwa njia ipi. Mengine yote, hata rangi, yatalifuata.

Katika pwani nyingi za dunia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa hupita kama saa 6 na dakika 12, na kila siku ratiba husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo mwamba uliokuwa mkavu saa moja asubuhi siku ya kwanza, siku ya nne hautakauka mpaka saa tatu na nusu. Mtu anayetaka kurudi mahali pale pale kumalizia picha aandike hesabu hiyo kabla ya kuondoka nyumbani, maana mwanga wa asubuhi na maji yaliyopwa havitakutana tena kama vilivyokutana siku ya kwanza.

Tazameni na mwezi. Ukiwa mchanga au ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na miamba isiyoonekana siku nyingine hutokeza. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu na tofauti yake ni ndogo. Anayependa kuchora vidimbwi, mwani na mchanga uliolowa achague siku za bamvua. Anayetaka bahari ikae karibu mahali pamoja kwa saa nyingi achague maji mafu. Pwani nazo hazifanani. Sehemu kubwa ya Bahari ya Mediterania kujaa na kupwa hakufiki hata nusu mita, ilhali katika Ghuba ya Fundy, Kanada, tofauti inaweza kufika mita 16. Tafuteni jedwali la maji la bandari iliyo karibu na mnakokwenda. La kwingine halitawafaa.

Nasisitiza hili kwa sababu maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda polepole hata mtu akadhani ana muda tele, kisha katika saa ya tatu na ya nne hupanda karibu nusu ya kimo chote. Mchoraji aliyezama kazini hatambui. Novemba 1885, huko Étretat, Ufaransa, mchoraji Claude Monet alikuwa akichora chini ya majabali, akiamini maji yanapwa, wimbi kubwa likampiga, likamtupa kwenye mwamba na kumburuta pamoja na vifaa vyake. Aliponea chupuchupu, na picha aliyokuwa akiichora ikaharibika. Huyo alikuwa mzoefu wa bahari. Basi kila siku mteue mtu mmoja wa kuangalia maji, aweke kengele kwenye simu, na akisema tuondoke, watu waondoke hata kama wingu limependeza. Kabla ya kukunjua kiti, jueni njia ya kurudi haipiti mahali patakapofunikwa. Chini ya jabali linalomeguka msiketi kabisa.

Mkishajua saa za maji, zilinganisheni na jua na upepo. Saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza na mbili za mwisho kabla halijazama ndizo zenye vivuli virefu na rangi zenye joto. Katikati ya mchana kila kitu hung'aa kwa namna moja, na kwa maoni yangu wakati huo ni wa kula na kulala. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, hivyo picha ikizidi saa mbili unachora vivuli ambavyo havipo tena. Njooni na turubai au karatasi ndogo, mchore nyingi. Upepo nao una tabia yake: siku ya jua kali, nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hewa ya juu yake hupanda, na upepo wa baharini huanza kuvuma kuelekea nchi kavu, kwa kawaida kuanzia kabla ya adhuhuri hadi alasiri. Hapo turubai hugeuka tanga. Bebeni mfuko mtupu wa kitambaa, mkifika mjaze mchanga na kuutundika chini ya stendi ya kuchorea. Bila uzito huo, stendi nyepesi za miguu mitatu huanguka, na aghalabu huangukia upande wenye rangi.

Kuhusu vifaa nitasema machache, kwa kuwa kila mtu ana mazoea yake. Rangi ya akriliki hukauka upesi mno kwenye jua na upepo, hata juu ya kibao cha kuchanganyia rangi kabla hujaichota. Anayeitumia abebe chupa ya kunyunyizia maji na sahani ya kuwekea rangi yenye sifongo lililolowa na karatasi juu yake. Wa rangi za maji alete karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, kwani nyepesi kuliko hiyo hujikunja isipotandazwa na kubanwa kwanza, na abebe maji yake ya bomba. Maji ya bahari yanashawishi kwa kuwa yako pale pale, lakini chumvi hubaki kwenye karatasi na huvuta unyevu hata baadaye ukutani. Rangi zenyewe zisizidi sita au saba. Bluu ya ultramarini na kahawia iliyochomwa (burnt sienna), zikichanganywa kwa vipimo tofauti, hutoa kijivu cha mawingu, cha mawe na cha maji yenye kivuli. Mchanga utaingia tu. Katika picha moja ya Monet ya ufukwe wa Trouville, ya mwaka 1870, ambayo iko katika jumba la sanaa la National Gallery jijini London, punje za mchanga zimo ndani ya rangi mpaka leo.

Kama mnasafiri kwa ndege, tapentaini na vimiminika vingine vya kusafishia brashi vinavyoshika moto havikubaliwi, si kwenye mzigo wa mkononi wala ule wa chini. Rangi za mafuta za kwenye tyubu kwa kawaida hupita, lakini ni busara kuchapisha karatasi ya usalama ya mtengenezaji inayoonyesha kwamba haziwaki kwa urahisi, na kuuliza shirika la ndege mapema. Mkifika, badala ya tapentaini brashi zinaweza kusafishwa kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni. Matambara yenye mafuta ya kitani, yale yanayochanganywa na rangi za mafuta, msiyarundike pembeni ya nyumba ya watu. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Yatandazeni nje yakauke moja moja, au yatieni kwenye kopo la bati lenye maji na kifuniko.

Mwili nao unataka maandalizi, kwani mchoraji hukaa juani bila kusogea. Kofia ya ukingo mpana, maji ya kunywa, nguo nyepesi ya mikono mirefu, na losheni ya kujikinga na jua inayopakwa upya kila baada ya saa mbili. Losheni ipakeni kabla ya kutoa karatasi, kisha mfute viganja kwa kitambaa, kwa kuwa alama ya kidole chenye mafuta hukataa rangi ya maji na huiona ukiwa umeshachelewa. Miwani ya jua ivueni wakati wa kuchanganya rangi. Mwavuli wa kivuli uwe mweupe au wa kijivu, maana mwekundu au wa buluu humwaga rangi yake juu ya kazi yote. Turubai iliyopigwa na jua moja kwa moja nayo hudanganya: jicho huiona angavu mno, mkono ukatia rangi zenye giza mno, na picha ikiingia ndani inaonekana kama ya jioni.

Sasa marafiki. Hapa ndipo safari nyingi huharibika, na hakuna jedwali la kuwasaidia. Kabla hata ya kuweka nafasi ya nyumba, kila mmoja aseme wazi anakuja kuchora au anakuja kupumzika karibu na wanaochora. Majibu yote mawili ni halali; tatizo ni pale anayetaka soga anapokaa kando ya anayetaka kimya. Mkitenga asubuhi ziwe za kimya na jioni za maneno, wote watapata chao. Kubalianeni pia kuhusu maoni: picha ya mtu isisemwe mpaka mwenyewe aulize, na anayeanza asipewe walimu watano kwa mpigo. Kupiga picha kazi ya mwenzako na kuisambaza kabla haijakauka kunahitaji ruhusa yake. Fedha ziwekwe kwa mtu mmoja kabla ya safari, na ijulikane mapema anayejitoa dakika za mwisho anarudishiwa nini. Kupika kuwe kwa zamu, na mpishi wa siku asiwe ndiye mwangalia maji.

Mwenye nyumba aulizwe mambo matatu: kama anaruhusu rangi ndani, kama kuna bomba la nje, na kama kuna baraza au chumba chenye hewa cha kuacha picha zikauke usiku. Ulizeni pia kama ufukwe ni hifadhi yenye masharti. Na mkitaka kuchora watu walio kazini pale, wavuvi au wauzaji, waombeni kwanza kwa adabu.

Maji machafu ya brashi hayamwagwi baharini wala mchangani. Akriliki ni plastiki, na baadhi ya rangi zina metali zenye sumu kama kadimiamu au kobalti. Yawekeni kwenye chupa mrudi nayo. Kwa picha mbichi za mafuta, ambazo zinaweza kuchukua siku kadhaa kukauka, bebeni vipande vya kizibo na bendi za mpira: picha mbili za ukubwa mmoja huelekezwa uso kwa uso, vizibo kwenye pembe nne, kisha hufungwa. Atakayezibeba garini apewe kiti cha nyuma peke yake.