Kulea kiwavi wa mlimau darasani: mwongozo kwa walimu wa awali

Kama karibu na shule kuna mlimau, mdimu au mchungwa ambao haujapuliziwa dawa, huhitaji kununua chochote ili watoto wa miaka mitano wajifunze jinsi mnyama anavyoishi.

Hatua ya 1: Mtafuteni. Tazameni majani machanga. Kiwavi mdogo ni wa kahawia mwenye mabaka meupe, utadhani kinyesi cha ndege, na hiyo ndiyo kinga yake. Akikua hugeuka kijani. Waonye watoto wasiguse kiwavi mwenye manyoya, maana huwasha. Chukueni wawili au watatu.

Hatua ya 2: Makazi. Ndoo ya plastiki angavu inafaa, ikifunikwa kwa kipande cha chandarua. Simamisha tawi kwenye chupa ndogo ya maji, na uzibe mdomo wa chupa kwa karatasi, la sivyo kiwavi atateremka na kuzama. Iwe mbali na jua kali.

Hatua ya 3: Zamu. Kila siku watoto wawili walete majani, wamwage kinyesi, wanawe mikono kwa sabuni. Usiwafanyie kazi hiyo, hata wakichelewa. Majani yawe ya jamii ya mlimau tu. Ya mwembe hatayala. Ijumaa acheni tawi kubwa.

Hatua ya 4: Kuangalia. Hapa ndipo penye somo, nasi walimu tuna haraka ya kueleza. Usieleze. Uliza, "Unaona nini?" kisha nyamaza. Mmoja ataona miguu, mwingine ataona jani linavyoliwa kuanzia ukingoni. Wachore walichoona.

Kiwavi akishakuwa mkubwa, mguse taratibu kwa ncha ya jani. Nyuma ya kichwa zitachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali. Wengi watasema amekasirika. Lipokee jibu hilo, kisha uliza: nani angetaka kumla? Fanya hivyo mara moja tu. Kwake ni kitisho kweli.

Hatua ya 5: Pupa, yaani kiwavi anapotulia ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo. Ataacha kula, atatangatanga, kisha atajifunga kijitini kwa uzi kama mkanda. Msimsogeze. Watoto watie alama ukutani kila siku. Huchukua wiki mbili hivi, pengine zaidi. Wakati mwingine hutoka nyigu mdogo badala ya kipepeo, kwa sababu nyigu alitaga ndani ya kiwavi. Waambie watoto ukweli huo bila kuuficha. Wanaumudu.

Hatua ya 6: Kutoka. Mara nyingi kipepeo hutoka asubuhi. Mabawa huwa yamekunjamana na hunyooka akiwa ananing'inia. Mtoto atataka kumsaidia. Mzuie, kwani akivutwa mabawa yanaweza kubaki yamepinda. Yakikauka, mpelekeni nje penye maua siku hiyohiyo: mweusi, mkubwa, mwenye mabaka ya njano.

Kabla ya kuleta mwingine, osheni ndoo na kuianika juani.