Kabla ya Kumwamuru Mtoto Aombe Msamaha

Mtoto wa miaka 4 au 5, yaani wa madarasa ya awali ya PP1 au PP2, anapomnyang'anya mwenzake kalamu ya rangi, usikimbilie kumwamuru aseme "pole", kwani neno hilo hulikariri upesi bila kulielewa. Chuchumaa hadi macho yenu yalingane, umwonyeshe uso wa mwenzake, kisha umuulize: "Unaona analia? Tufanye nini anyamaze?" Mpe muda wa kufikiri, hata kama basi la shule linapiga honi langoni. Juzi, hapa mtaani Umoja, Nairobi, binti yangu alikaa kimya kitambo, akairudisha kalamu, kisha akammegea mwenzake andazi lake, jambo ambalo sikuwa nimemwagiza. Vilevile, mfundishe kwa mfano wako: mwenye duka akikuzidishia chenji, rudisha iliyozidi mtoto akiona.