Kabla hujampa mtu hela ya Altezza: mambo ya kuzingatia, vijana wa Tanga

Kila baada ya wiki mbili tatu kuna dogo ananifuata kijiweni, "bro nimeona Toyota Altezza iko Dar, namba D, bei ya kutupa, Jumamosi naifuata." Namuuliza unaenda na nani. Naenda na mshkaji. Mshkaji mwenyewe fundi wa spika. Haya kaa chini kwanza, agiza chai, Dar haihami.

Anza na hela. Bei ya gari ni ya gari, halafu kuna nyingine ya kuifanya itembee, ya pili hiyo iwe angalau robo ya ile ya kwanza na iwe ipo mkononi siku unanunua, sio "ntapata mwisho wa mwezi". Kama huna basi bado hujafikia hela ya gari, nunua bodaboda.

Kama unaagiza mwenyewe Japani, pita kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujamtumia mtu hata senti. TRA wana thamani yao kwenye mfumo, ukiwaambia mi nimeipata rahisi wanakuangalia tu. Ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa unategemea cc, VAT 18, halafu gari ikizidi miaka 10 kuna asilimia 30 nyingine ya uchakavu. Altezza za mwisho zimetoka kiwandani 2005, kwahiyo hapo hamna ya kukwepa, zote wazee. Na muuzaji wa kule akupe shiti ya mnada, ile karatasi ya ukaguzi wa gari, usikubali picha tupu. Ukiona daraja la R au RA ujue ishagongwa ikatengenezwa. Si lazima uikimbie, ila bei ishuke, na kilometa zilizoandikwa pale ulinganishe na za kwenye dashi ikishafika, maana kuna watu kazi yao kurudisha kilometa na wanakula vizuri tu.

Ujue unanunua ipi. Hili vijana wanapigwa sana. Altezza ziko mbili, RS200 yenye injini ya 3S-GE silinda nne, ya manyuo (gia za mkono) ni nguvu farasi 210, na AS200 yenye 1G-FE silinda sita, farasi 160. Nembo ya RS inauzwa dukani, inabandikwa kwa gundi. Fungua boneti tafuta kibati cha modeli, SXE10 ndo RS, GXE10 ni AS. AS sio gari mbaya, mi mwenyewe naipenda kwa utulivu wake, lakini usilipe hela ya RS ukapewa AS halafu ukaja huku Raskazone kujitapa, watu watafungua boneti.

Karatasi. Kadi ya gari original, jina la kwenye kadi ndo jina la anayekuuzia, na kitambulisho chake ukione. Kama kadi "iko kwa bro" au "iko benki kidogo", rudi nyumbani. Namba ya chesisi ya kwenye kadi uisome na ya kwenye bodi kwa macho yako, herufi kwa herufi. Angalia madeni ya trafiki kwa namba ya gari, uhakiki na bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Mkataba mbele ya wakili, halafu umiliki ubadilishe TRA mapema, usizunguke miaka miwili na kadi ya marehemu wa watu.

Tairi, soma namba nne za mwisho pembeni. 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi ina kashata (yale meno yake) nzuri lakini ina miaka 9, hiyo ni pambo.

Kutu. Sisi watu wa pwani tunaijua chumvi. Gari iliyolala miaka karibu na bahari usiangalie milango, lala chini na tochi uangalie sakafu, mikono ya chini na pale shokapu zinapokaa. Nenda na kanga ya kulalia, usione aibu.

Sasa hili la injini ntalieleza kwa kirefu kwasababu limenila mimi.

Nilikuwa na miaka 24, nimekusanya hela miaka mitatu, nikaipata RS200 ya kijivu Dar kupitia dalali. Nimefika saa nane mchana na binamu yangu, gari ipo kivulini inang'aa, na jamaa akafungua boneti mwenyewe kabla sijaomba. Injini imeoshwa mpaka unaweza kuilia wali. Nikaweka mkono juu ya rejeta, moto. Nikamuuliza umetoka nayo wapi, akasema nimempeleka mama watoto saluni, ndo kwanza nimerudi. Nikaona sawa, mtu kaniwekea gari tayari kwa kuwashwa. Dalali akawa anasema "injini ya moto ndo unaisikia vizuri bosi." Nikaiwasha, ikalia kama wimbo. Tukazunguka nayo dakika kumi, mshale wa joto uko chini kabisa, kile kimshale kidogo kilichokaa ndani ya saa ya spidi maana dashi ya Altezza imetengenezwa kama saa ya mkononi, na mimi mjinga nikafurahi, nikamwambia binamu ona gari ya baridi hii. Nikalipa.

Tukatoka saa kumi jioni, tukapita Bagamoyo tukaibukia Msata. Mpaka hapo raha tupu. Tukafika Wami, enzi hizo bado linatumika lile daraja jembamba la zamani, gari zinapishana kwa zamu, kwahiyo unakuta foleni ya malori. Tumeteremka taratibu, tumesimama, tumesogea, tumesimama, halafu tukaanza kupanda mlima nyuma ya lori la saruji kwa gia ya kwanza, AC inapiga, muziki umefunguliwa. Binamu ndo akasema mbona kuna harufu tamu tamu humu ndani. Nikaangalia kile kimshale, hakipo chini tena. Kimelala juu kabisa.

Nikapaki pembeni nikafungua boneti, mvuke. Na hapa ndo nilifanya ujinga wa pili, nikachukua fulana nikaizungushia mkono nikaanza kufungua kifuniko cha rejeta. Dereva mmoja wa lori, mzee, alikuwa anashuka anapiga kelele "we kijana acha hicho, acha!" na kilikuwa kishafunguka. Maji yaliruka mpaka begani. Mkono wa kulia una alama hadi leo, wanangu wanaita ramani ya Pemba.

Yule mzee alinimwagia maji ya dumu mkononi, akasubiri injini ipoe kama saa nzima, akatujazia maji akatuambia washa. Tulipowasha, kwenye mdomo wa rejeta yakaanza kutoka mapovu, moja moja, halafu mfululizo kama sufuria ya maharage. Akatikisa kichwa. "Hii imekula gasketi mwanangu, ivuteni." Yaani ile inayoziba kati ya hedi, kichwa cha injini, na bloku. Kuvutwa mpaka Tanga niliambiwa bei nikaona nachekwa. Nikasema tutaenda kidogo kidogo. Kilometa nane, simama, jaza maji. Kilometa sita, simama. Mkata tulinunua maji yote ya dukani ya lita moja na nusu. Karibu na Kabuku ikapiga kelele moja ya chuma, kama mtu kaangusha nyundo kwenye karai, ikanoki. Ikavutwa hata hivyo, usiku, na bei ya usiku.

Fundi wangu wa Barabara ya 12 akaifungua kesho yake. Themostati, kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, haimo, mtu kaitoa. Ndo maana ile dakika kumi mshale haukupanda, maji yalikuwa yanazunguka muda wote bila kuzuiwa, gari inaonekana baridi mjini, ukiipa mzigo na mlima ndo ukweli unatoka. Kwenye rejeta kulikuwa na uji wa kahawia, ile dawa ya kuziba matobo imemwagwa mpaka imeganda. Hedi imepinda. Fundi alinionyesha rula ameilaza juu ya hedi, chini yake mwanga unapita. Gasketi ilikuwa imekufa kitambo, sio siku ile, na moto wa mchana wa "mama watoto saluni" ulikuwa wa kuficha namna inavyowaka ikiwa imelala. Mimi na madumu yangu nikaja kumalizia chini. Nikatafuta injini used, gari ikakaa miezi mitano chini ya mwembe nyumbani, kuku wakataga kwenye siti ya nyuma. Mama alikuwa anaokota mayai anasema angalau inazalisha.

Kwahiyo sikiliza. Unamwambia muuzaji jioni, kesho nakuja saa moja asubuhi na gari usiiwashe. Ukifika weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, ahirisha, mwambie ntarudi kesho. Akikasirika ushapata jibu. Ikiwa baridi, na iwe baridi kweli, fungua kifuniko cha rejeta: unataka kuona kulanti, maji ya kupozea injini, yenye rangi safi, ukiona maji ya kutu au uji, funga, shikana mikono, ondoka. Kifuniko cha oili kikiwa na kitu cha maziwa ya chai chini yake, ondoka haraka zaidi. Iwashe rejeta ikiwa wazi uangalie mapovu. Funga, shika paipu kubwa ya juu, ikiwa ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja na injini bado baridi, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Halafu endesha nusu saa au zaidi, AC imewaka, utafute na mlima. Mshale upande mpaka karibu na katikati utulie. Ukigoma kupanda barabara kuu usifurahi kama mimi, uliza themostati iko wapi. Ukirudi iache ingurume mpaka usikie feni zinaingia na kutoka. Uliza taimingi belti ilibadilishwa lini, kawaida yake kilometa laki moja, na "sijui" maana yake haijabadilishwa, weka kwenye bajeti. Na uende na fundi wako, umlipe siku yake, sio fundi aliyeletwa na dalali.

Subaru za turbo ni hayo hayo, na juu yake kuna suala la oili, chomoa dipstiki (kile kijiti cha kupimia oili) wewe mwenyewe, ikiwa chini ujue huyo bwana hatunzi. Mazda RX-8 injini yake inachoma oili kwa maumbile, kwa Tanga tafuta kwanza fundi aliyewahi kuifungua, ukimpata uniambie na mimi.

Mengine ni ya kawaida. Gari iliyoshushwa chini haifai kwa matuta ya kuanzia Muheza kwenda mbele, utaacha bampa. Vijijini ni 50, na wale wa tochi wanaijua hiyo gari kabla hawajaona sura yako. Bima kubwa kama unaweza. Redio ya Kijapani haishiki stesheni nyingi za huku, masafa yao yanaishia chini, usilipe zaidi kwasababu ya redio. Gari ikikusalimia Kijapani ukiwasha, ni kawaida hiyo. Usimuazime mtu wiki ya kwanza, wala ya pili, na anayesema "nizungushe mara moja tu" ndo huyo huyo. Usiende kuangalia gari na hela mfukoni. Usiende usiku. Mvua ikinyesha usiangalie rangi, gari zote ni nzuri zikiwa na maji. Na usipaki chini ya mnazi, hiyo sikuelezi, pita Chumbageni ukaangalie boneti ya Mark X ya jirani yangu.